Sevisi ya pikapu ya mtumba: uani kwako, fundi aje nyumbani, au gereji?

Ukinunua pikapu ya mtumba, iwe Hilux ya mnada wa serikali au Land Cruiser iliyotoka kwenye mradi wa wafadhili, swali la sevisi linakuja kabla hata hujamaliza kubadilisha kadi. Huku Mtwara na Lindi majibu ni matatu, si mawili kama wengi wanavyohesabu. Unaweza kulala chini ya gari mwenyewe uani, unaweza kumwita fundi aje na mfuko wake wa spana, au unaipeleka gereji ikasubiri zamu yake. Wapo wanaoshikilia njia moja kama dini. Mimi naona njia haichaguliwi kwa gari, inachaguliwa kwa kazi. Kuna kazi ukimpa mtu mwingine umejipunja, na kuna kazi ukiishika mwenyewe unacheza na roho za watu wanaopanda nyuma juu ya magunia.

Hela, maana ndiyo inayotajwa kwanza

Wengi wanaotaka kufanya sevisi nyumbani wanasema wanabana matumizi. Kwenye kumwaga oili, hoja hiyo ni dhaifu. Hela ya ufundi ni kidogo. Kinachokula mfuko ni oili yenyewe na filta, na hivyo utanunua tu hata ukifungua nati kwa mkono wako. Hilux ya dizeli yenye injini ya 1KD au 2KD inameza karibu lita 7 pamoja na filta. Land Cruiser ya 1HZ inapita lita 9. Piga hesabu kwa bei ya duka lililo karibu nawe, weka pembeni hela ya fundi, utaona unachookoa ni chakula cha mchana na soda. Na hapo bado hujanunua jeki ya maana, stendi mbili, seti ya spana na mkanda wa kufungulia filta.

Hela kubwa inaokolewa kwingine. Ukiwa uani kwako, kopo la oili unalifungua wewe. Unaona lakiri, unasoma daraja, unajua lita ngapi zimeingia. Ukiiacha gari gereji ukaenda kwenye shughuli zako, unarudi unaonyeshwa makopo matupu, na kopo tupu halisemi lilikuwa na nini ndani wala lilimwagwa kwenye gari gani. Oili ya kupimiwa kwa jagi kutoka kwenye pipa ndiyo mbaya zaidi, maana haina hata jina. Kwa injini iliyokwishatembea sana, oili hafifu haiui siku hiyo. Inakula beringi za ndani pole pole, na bili inakuja wakati ambao hakuna anayekumbuka sevisi ile.

Soma nyuma ya kopo. Herufi zinazoanza na C, kama CF-4 au CI-4, ni za dizeli. Zinazoanza na S, kama SL au SN, ni za petroli. Kopo zuri la dizeli mara nyingi lina zote mbili. Kwa joto la pwani yetu na dizeli za kizamani, unene wa 15W-40 unatosha bila ushabiki. Zile zilizoandikwa 40 tupu, bila W, za bei rahisi nawaachia wenye mashine za kusaga. Na kopo likiisha, litoboe kwa msumari kabla ya kulitupa. Makopo mazima yenye nembo nzuri yana wateja wake, na kinachojazwa humo kinarudi dukani.

Kumwaga oili: hapa nyumbani kunashinda

Pikapu ina faida ambayo gari dogo halina: imenyanyuka. Kwa nyingi unaingia chini bila kugusa jeki, na hilo peke yake linaondoa nusu ya hatari. Ikibidi kuipandisha, kumbuka ardhi yetu. Kuanzia Mikindani mpaka Msimbati ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja huku wewe ukiwa umelala. Weka ubao mpana na mnene chini yake, weka gia, vuta breki ya mkono, zuia matairi yaliyobaki chini, na usiingie mpaka gari limekaa juu ya stendi. Tofali la saruji si stendi. Linabeba vizuri kabisa mpaka dakika linapopasuka, na halitoi onyo.

Washa injini ipate uvuguvugu, zima, ingia chini. Nati ya kumwagia ikishalegea kwa spana, malizia kwa vidole ukiisukuma juu huku unaizungusha, kisha ivute pembeni kwa mara moja. Oili inatoka kwa mkupuo mrefu na kuangukia mbali kuliko ulivyodhani, kwa hiyo beseni likae mbele kidogo, halafu ulirudishe nyuma kadiri nguvu inavyopungua. Acha ifike kwenye tone moja moja. Chovya kidole, sugua na gumba kwenye jua. Weusi usikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema kwa masizi. Tafuta chembe zinazometameta, ambazo ni chuma, au rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni maji yaliyoingia kwenye oili. Kijana wa gereji mwenye magari manne ya kumaliza kabla ya adhuhuri hatasugua kidole kwa ajili yako.

Kwenye filta kuna jambo moja tu la kuogopa. Ukifungua ya zamani, hakikisha raba yake imetoka nayo. Ikibaki imeng'ang'ania kwenye injini ukafunga mpya juu yake, raba zinakuwa mbili, na oili yote inaweza kurushwa nje dakika za kwanza. Paka raba mpya oili, funga kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ni ya kufungulia filta, si ya kuikazia. Nati nayo weka washa mpya na ukaze kwa kiasi. Wanaokaza kwa bomba refu ndio wanaomaliza meno ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na hapo kazi ya kumwaga oili inageuka kazi ya kushusha sampu.

Kuhusu kilomita, kila 5,000 ndiyo kanuni ya magari ya kazi huku kwetu, na kwa pikapu yenye umri mkubwa, inayopanda mzigo kutoka Mkunya au kuteremka uwanda wa Newala, siioni sababu ya kuivuta zaidi. Vitabu vya baadhi ya magari vinasema 10,000, lakini vitabu hivyo hivyo vina ukurasa wa matumizi magumu: vumbi, mzigo, safari fupi fupi. Hayo ni maisha ya kawaida ya pikapu ya Tandahimba.

Kitu kimoja gereji inashinda hapa, na inashinda vibaya: oili chafu. Gereji ina pipa, na lina watu wanaolifuata. Nyumbani watu wanachimba kishimo nyuma ya choo, kwenye mchanga uleule wenye kisima cha jirani. Kama huna dumu la kuhifadhia na mtu wa kumpa, tuseme seremala anayepaka nguzo kwa ajili ya mchwa, basi kamwagie gereji.

Vumbi, salfa na chumvi

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaosema kila kitu apewe fundi. Fundi anatengeneza kilichoharibika. Vitu vitatu vinavyomaliza magari ya Mtwara na Lindi havina siku ya kuharibika, vinakula kila siku, na anayeweza kuviwahi ni anayelala na gari.

Vumbi la uwanda wa Makonde linaziba filta ya hewa haraka kuliko kitabu kinavyodhani. Gari linaanza kutoa moshi mweusi likipanda, mwenyewe anaambiwa nozeli, vile vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, zimekufa. Fungua kwanza boksi la hewa. Klipu nne, haihitaji hata spana kwenye gari nyingi. Itoe filta uani, igonge taratibu upande wa chini, na ukipiga upepo piga kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali. Upepo wa mashine ya gereji ukiusogeza karibu unatoboa karatasi. Weka tochi ndani ukiwa sehemu yenye giza: ukiona kijitundu cha mwanga, filta hiyo imekwisha, kwa sababu vumbi linalopita hapo linasugua silinda. Msimu wa kupuliza mikorosho mimi ningeiangalia kila wiki.

Salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, ni habari nyingine. Ikiwa kavu kwenye bodi la nyuma haina neno kubwa, lakini ikilowana inaanza kula chuma. Mifuko inapasuka, unga unaingia kwenye maungio ya bodi, mvua ya kwanza inanyesha Novemba au Desemba, na kufika Aprili sakafu ya bodi ina matundu. Kufagia na kumwaga maji mengi siku ileile uliyobeba ni sevisi kamili, na hakuna gereji itakayoifanya.

Chumvi wanaijua wa Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje. Gari linalolala karibu na bahari au linalobeba samaki lioshwe chini, kwenye chesisi na springi za majani, kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Ukiwa chini hapo, fuata kwa vidole mabomba ya breki ya chuma yanayopita kando ya chesisi. Kutu ya juu juu haina shida. Ukikuta sehemu imevimba na inabanduka magamba, usiguse zaidi. Hiyo sasa ni kazi ya gereji, na ni ya leo.

Rejeta inaingia hapohapo. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na bado watu wanaongeza rejeta kwa kata. "Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ni ya nchi za baridi," utaambiwa. Si kweli. Kulanti inazuia kutu ndani ya injini na inapandisha kiwango cha kuchemka, na yote mawili tunayahitaji kuliko watu wa theluji. Nunua iliyochanganywa tayari, au changanya na maji safi ya kuongezea betri, si asidi. Kazi yenyewe ni ya nyumbani kabisa, kwa sharti moja: mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Grisi nayo ifanye mwenyewe kama una bomba lake. Krosi za propela na sehemu inayoteleza ya shafti zina nipeli, vichuchu vya kupokelea grisi, zinazoonekana ukiingia chini. Pangusa nipeli kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani, kisha piga mpaka grisi ya zamani itokeze. Ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, usisubiri kilomita.

Kazi za katikati: fundi aje

Filta ya dizeli ingeweza kuwa ya nyumbani. Kwenye injini za kizamani kama 3L, 5L na 1HZ unabadilisha, unasukuma pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, unawasha. Kumwaga maji yaliyotuama chini ya filta ni rahisi zaidi, na kila anayejaza dizeli ya madumu vijijini anapaswa kuijua. Lakini kwenye injini za kisasa zaidi, D-4D za Toyota na wenzake wa komoni reli (nozeli zote zinalishwa na bomba moja la shinikizo kubwa), mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli yana shinikizo la zaidi ya bar 1,000 gari likiwaka. Dizeli ikichuruzika hapo inapenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama linaonekana dogo. Uchafu mdogo ulioingia wakati wa kubadilisha filta unaua nozeli ghali. Kwa hiyo mimi ningemwita fundi mara ya kwanza, nikae pembeni nione, ndipo niamue.

Oili ya gia boksi na difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, iko kundi hilohilo. Ukiamua kujaribu, anza kufungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Wakati mwingine nati ya kujazia imeshikwa na kutu haifunguki, na ukishamwaga oili yote gari haliendi popote. Oili ya difu ikitoka na weupe, maji yameingia, mara nyingi kupitia kipumulio kilicho juu ya ekseli baada ya kuvuka korongo.

Huyu fundi wa kuja nyumbani ndiye njia ninayoipenda kwa watu wengi, ingawa ina kasoro zake. Faida ni kwamba oili na filta umenunua wewe, kazi inafanyika mbele yako, na unajifunza. Vijana waliotoka VETA wengi wanafanya hivi jioni baada ya gereji. Kasoro ni vifaa. Hana pipa, hana mashine ya upepo, mara nyingi hana stendi, na usiku ukiingia anamulika kwa simu. Kwa hiyo mpe kazi zinazoisha kabla ya magharibi. Akikuambia, "Bosi, hii bado ina nguvu, tuiache," au "Bosi, hii imekwisha," muulize amejuaje, akuonyeshe. Fundi mzuri anapenda kuonyesha. Kubaliana hela ya ufundi kabla hajafungua boneti, na mzungumze kwa heshima. Ni mtu utakayempigia simu gari likizima Mnazi Mmoja ya Lindi saa mbili usiku.

Na za gereji zibaki gereji

Mkanda wa taiming, unaofanya vali na pistoni ziende kwa zamu, ndio wa kwanza. 1KD, 2KD, 1HZ na 4D56 ya Mitsubishi L200 zote zina mkanda. Muda wake ni kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea injini na kitabu chake. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Hilux za 1GD na 2GD zilizoanza mwaka 2015, na Isuzu D-Max ya 4JJ1, zina cheni, hapo una nafuu. Kilomita zinazosomeka kwenye gari la mtumba usiziamini bila karatasi ya sevisi. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na peleka gereji yenye mtu anayejua alama za injini yako.

Breki ni ubishi. Kuangalia unene wa pedi kupitia tundu la rimu ni kazi yako, na kiwango cha maji ya breki pia. Kubadilisha pedi za mbele, mtu makini anaweza. Lakini kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, kurekebisha shuu za ngoma za nyuma na kugusa mabomba si kazi ya uani. Hilux nyingi zina vali ya mzigo nyuma, karibu na ekseli, inayogawa nguvu ya breki kulingana na uzito wa mzigo. Kwenye magari ya mtumba mara nyingi vali hii imeganda kwa kutu au kuna mtu aliifunga kwa waya zamani. Gari tupu linasimama vizuri tu. Likibeba tani moja likaanza kuteremka kutoka uwandani, ndipo unajua. Mwambie fundi wa gereji aiangalie kwa jina lake, maana usipotaja haiangaliwi. Stelingi, boli jointi na nozeli nazo ziende huko.

Inategemea pia unaishi wapi

Aliye Mtwara mjini, Masasi au Lindi mjini ana uhuru wa kuchagua. Gereji ziko, na spea iliyokosekana inaagizwa Kariakoo ikaja na basi la usiku. Huyo afanye nyumbani oili, filta ya hewa, kulanti, grisi na betri, mengine alipie.

Wa Liwale au vijiji vya Nanyumbu hana anasa hiyo. Masika yakikolea barabara ya Nachingwea kwenda Liwale inakuwa kesi, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu upande wa Kilwa, Kusini nzima ilisubiri. Kwa mtu huyo, kujua kufanya mwenyewe si suala la kupenda. Aweke akiba ndani: filta mbili za dizeli, filta ya oili, oili ya kumwaga mara moja, feni belti, hosi za rejeta na mkebe wa maji ya breki uliofungwa. Ukishafunguliwa, maji hayo yanavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo nusu iliyobaki mwaka jana usiitegemee.

Na kwa mwenye pikapu ya kubeba korosho, tarehe ni muhimu kuliko mahali. Minada inaanza Oktoba, na kuanzia hapo kila gari lenye bodi linatakiwa barabarani na kila fundi ana foleni. Kazi za gereji, yaani mkanda, breki, vali ya mzigo na springi, zimalizike Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Oili unaweza kuimwaga mwenyewe uani hata katikati ya msimu, jioni, gari likiwa linasubiri kupakia kesho yake.